Tingatinga na Zamu ya Maji

Watu wanaoniambia kwamba mieleka ya kwenye televisheni ni maigizo huwa wanasema kwa sauti ya huruma, kama wamekuja kunipa taarifa ya msiba. Mume wangu ni mmoja wao. Najua kuwa ni maigizo. Nimejua tangu kidato cha pili, na siku niliyojua sikulia wala sikupungukiwa na kitu. Wale watu walinyanyuana na kubwagana chini, jasho lao lilikuwa jasho, na mimi niliyekaa kwenye sakafu ya mwalimu mstaafu, goti la mtoto mwingine likiwa kwenye mbavu zangu, niliogopa kwelikweli. Hayo ndiyo yaliyonihusu. Mengine wajadili wao.

Naandika nikiwa na hasira, bora niseme mapema. Wiki iliyopita mwanangu wa kwanza, ana miaka sita, alinikuta nimeshika simu natazama mieleka ya zamani. Nikamketisha aone. Alitazama kidogo, akauliza kwa nini sipeleki mbele hadi mwisho. Nikamwambia zamani hapakuwa na kupeleka mbele. Akauliza, "Sasa ukikosa mwisho unajuaje nani kashinda?" Kabla sijajibu, mume wangu akacheka, akasema, "Mama yako huko mlimani alikuwa anapoteza muda tu." Nilikuwa namnyonyesha mdogo, nikanyamaza. Lakini swali la mtoto lilikuwa swali zuri. Kuna pambano moja nilikosa mwisho wake, na katika kulikosa kidogo niikoseshe nyumba yetu maji. Nataka kulieleza lote bila mtu kunichekea juu ya kichwa.

Kijiji chetu kiko mlimani, juu ya Kihurio. Ukungu ukiondoka unaona majaruba ya mpunga kule chini yanang'aa, na sisi huku juu tuna baridi yetu, maharage, mahindi, migomba na tangawizi kidogo. Televisheni ilikuwa moja, kwa mwalimu mstaafu. Ilitumia betri ya gari. Kila Alhamisi betri ilishuka Kihurio kwa basi la alfajiri kwenda kuchajiwa, Ijumaa ikarudi imesimamishwa ndani ya karai, na watoto tulikwenda kuipokea kama mgeni kutoka Dar. Chaji yake ilitosha taarifa ya habari mara mbili tatu na mieleka ya Jumamosi saa kumi jioni. Mwalimu akitaka kuwasha katikati ya wiki, mkewe alimuuliza kama amesahau Jumamosi ni lini.

Kiingilio kilikuwa dumu la maji au mzigo wa kuni, unamkabidhi mke wa mwalimu mlangoni. Wavulana walipita na vijiti viwili vya kuwashia, sisi wasichana mzigo wetu ulikaguliwa, na kama kuni zilikuwa mbichi ulirudishwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoligundua hilo na bado linaniuma.

Mtangazaji aliongea Kiingereza cha haraka, hakuna aliyemfuata, hata mwalimu alikuwa anatingisha kichwa tu. Majina tuliwapa wenyewe. Kulikuwa na jitu moja pana, kichwa kimenyolewa, ambaye hakuwa anaruka wala kukimbia. Alikuwa anatembea tu kuelekea kwa mtu mpaka mtu anakosa pa kwenda. Huyo tulimwita Tingatinga. Na kulikuwa na mwingine aliyeingia ulingoni amevaa koti la kung'aa, nywele zimepakwa mafuta, anatabasamu kila upande kama amekuja na washenga kwenye nyumba ya watu. Huyo tulimwita Shemeji. Shemeji alikuwa mwongo. Mwamuzi akimtazama anainua mikono, mwamuzi akigeuka anamchoma mtu vidole vya macho. Tulimchukia kwa furaha.

Mama yangu hakuwahi kukanyaga sebule ile. Mwanamke mzima kukaa kutazama wanaume waliovaa chupi, watu wangesema mpaka wachoke. Kwa hiyo alinituma mimi. Hakusema ananituma, alisema tu, Jumamosi mchana, "Kuni za mwalimu umeshazifunga?" Nikirudi nilimkuta anachambua maharage, nikianza kusimulia na kuruka sehemu ananirudisha. "Usiruke. Anza walipoingia. Shemeji alivaa nini?" Nilimweleza mpaka koti. Alicheka taratibu huku mkono unaendelea na maharage, na ikifika mahali Tingatinga anaumizwa mkono ulisimama.

Mwaka ninaousema, mama alijifungua mdogo wangu wa mwisho. Baba alikuwa mlinzi huko Moshi, anakuja mwisho wa mwezi akipata ruhusa. Mama akiwa na mtoto wa wiki mbili, Shemeji alimpiga Tingatinga kiti mgongoni. Kiti cha chuma, cha kukunja, kutokea nyuma, pambano likiwa limeshakwisha na Tingatinga anawapungia watu mkono. Tingatinga akaanguka kifudifudi, hakutikisika. Betri ikakata hapo hapo. Tulibaki gizani, kwa kuwa madirisha yalifungwa ili picha ionekane, na nilipofika nyumbani mama aliniuliza mara tatu kama nimeona vizuri.

Jumatano kina mama wa usharika walikuja nyumbani kwetu kusali, kwa kuwa mzazi hatoki. Walimwombea mama, wakamwombea mtoto, wakawaombea wasafiri. Halafu bibi mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa anakaa mbele yangu kwa mwalimu, akasema huku amefumba macho, "Na yule kijana aliyepigwa kiti, Baba, ambaye hatujui hata mama yake ni nani, mwinue." Wote wakaitikia amina. Mama aliitikia kwa sauti kuliko wote, mpaka mtoto akaamka. Sasa mtu aje aniambie wale wanawake walikuwa wajinga. Walisikia mtu kapigwa kutokea nyuma, wakamwombea. Wangapi leo wanaona mtu amepigwa kutokea nyuma wanapitisha kidole tu kwenye simu waone kinachofuata?

Jumamosi iliyofuata ndiyo walikuwa wanarudiana. Na Jumamosi hiyo hiyo pembe ya msaragambo ikalia.

Kwetu maji ya shambani hayaji yenyewe. Kuna ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu, linajazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kutoka hapo maji yanashuka kwa mfereji shamba hadi shamba, kwa zamu. Tope likijaa linazolewa kwa msaragambo: pembe inalia, kila nyumba inatoa mtu, kila mtu anapewa kipande chake cha kuchimba. Mwisho wa kazi katibu anaita nyumba moja moja, na mtu wa nyumba hiyo anainua jembe lake juu. Jembe lisipoinuka nyumba haikuwepo, hata kama ulichimba tangu asubuhi. Nyumba ambayo haikuwepo inakatwa zamu mbili za maji. Hakuna kubishana. Nakubali ni sheria nzuri. Bila hiyo wanaume wote wangekuwa na mgongo unaouma.

Kwa kawaida kazi ni asubuhi. Siku hiyo asubuhi kulikuwa na mazishi, kazi ikasogezwa saa nane mchana. Mama alinitazama, akatazama mtoto, akasema, "Chukua jembe dogo."

Mzee wa mfereji alikuwa ndugu wa babu yangu mzaa baba, kwa hiyo nilimwita babu. Mtu mrefu, gambuti nyeusi hadi magotini, sauti ya kuzoea kutiiwa. Nilipofika nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nyumba yenu imetuletea wewe?"

"Mama ni mzazi. Baba yuko Moshi."

"Inua jembe tuone."

Nikainua juu ya kichwa, nikalishikilia mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Mpe kipande cha mwanamume, anataka sifa." Babu akapima kwa mpini, akanipa kipande changu karibu na migomba, akamwambia katibu, "Anahesabiwa."

Nilichimba. Sijawahi kuchimba namna ile na sidhani nitachimba tena. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mieleka inaanza saa kumi, kazi inaisha saa kumi na moja, kwa mwalimu ni mwendo wa dakika tano kupanda. Nikimaliza mapema nakwenda, natazama, narudi kabla majina hayajaitwa. Kipande kikaisha. Mama mmoja jirani alikagua kwa mguu, akasema, "Hapa hata mimi nisingefika chini hivi." Kabla ya hapo kidogo babu alikuwa ametangaza kwamba anapanda kukagua mfereji wa juu, na tukamwona anapotelea migombani na fimbo yake. Nikapanda na mimi, jembe mkononi.

Sebule ilikuwa imejaa watoto wadogo, wale wasio na umri wa msaragambo, pamoja na mwalimu mwenyewe ambaye kwa uzee alikuwa amesamehewa. Nilijipenyeza gizani nikafika mbele, nikakaa nyuma ya kiti cha kwanza, mpini wa jembe ukagusa mgongo wa mtu.

"Nani ananichoma na mti?"

Nikaijua sauti kabla hajageuka. Gambuti zilikuwa zimenyooshwa juu ya zulia la mke wa mwalimu, tope linadondoka. Babu alinitazama, akatazama jembe, akanitazama tena.

"Umemaliza kipande?"

"Nimemaliza babu."

"Haya kaa. Usinipumulie kisogoni."

Niseme kweli, wakati ule sikumlaumu. Nilifurahi. Nilijiambia kama mzee wa mfereji mwenyewe yuko hapa, basi majina hayawezi kuitwa bila yeye, niko salama kuliko nilivyodhani. Shemeji akaingia na koti la dhahabu, tukamzomea. Tingatinga akaingia amefungwa bandeji kifuani, anatembea taratibu zaidi, na sebule nzima ikanyamaza kwa heshima.

Wakashikana. Halafu picha ikaanza kunyesha, yale madoa meupe, watu wakawa vivuli.

"Antena," babu akasema. "Wewe mwenye jembe, toka ukageuze nguzo."

"Babu, mimi—"

"Toka, mtoto. Tunachelewa."

Nguzo ya antena ilikuwa mti wa mkaratusi uliochimbiwa pembeni ya nyumba. Nikaukumbatia nikausokota.

"Imekuja?"

"Bado. Upande wa Kihurio."

"Sasa?"

"Imepita. Rudisha. Rudisha kidogo. Hapo hapo. Usiachie."

Nikiachia, picha inaondoka, wanapiga kelele wote. Nikishika, inarudi. Kwa hiyo nilishika, shavu limebanwa kwenye mti. Na kutoka pale juu ndiva yote inaonekana. Nilimwona katibu anapanda kwenye ukingo. Niliwaona watu wanakusanyika. Kisha nikaona jembe la kwanza linainuka. La pili. Beleshi. Jembe.

"Babu," nikapaza sauti, "majina yanaitwa."

"Shika hapo hapo."

"Babu, wanaita majina."

"Nimesema shika."

Nikashika. Ndani wakalia, kisha wakanyamaza kabisa, kisha wakalipuka. Kule chini jembe moja likainuka, likashuka, kisha pakapita muda hakuna kilichoinuka, watu wakageuza shingo huku na huku wakimtafuta mtu. Nilijua ni sisi. Baadaye jembe jingine likainuka, kazi ikaendelea. Mwanangu, kama unataka kujua hasira yangu ilianza lini, ni hapo, nimekumbatia mti.

Pambano lilipokwisha babu alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita migombani, akatokea kwa juu kama mtu aliyetoka kukagua mfereji. Aliwaambia watu maji ya juu yako vizuri. Mimi nikawashika watoto mlangoni kuwauliza nani kashinda. Wa kwanza akasema Tingatinga. Wa pili akasema Shemeji. Wa tatu akasema mwishoni picha ilinyesha tena, hakuona, ila mzee wa mbele alikuwa ameinama karibu sana na kioo.

Jumapili baada ya ibada katibu alipita nyumbani. Alisimama mlangoni kwa adabu, akampa mama pole ya uzazi, akasema nyumba yetu imekatwa zamu ya wiki hii na ya wiki ijayo.

Alipoondoka mama hakupaza sauti. Alinichapa mwiko mmoja wa paja, mtoto akiwa ziwani, akauliza nilikuwa wapi. Nikasema kwa mwalimu. Maharage yetu yalikuwa yametoa maua wiki ile, mvua zilikuwa zimekwisha, na maharage yakinyimwa maji kwenye maua hayasamehe. Maua yanapukutika, unabaki na majani. Hayo maharage ndiyo yaliyokuwa makande yetu ya mwaka mzima. Sikuhitaji kuelezwa.

"Aliinuka?" mama akauliza.

"Sijui. Nilikuwa nimeshika antena."

"Nani alikushikisha antena na kazi haijaisha?"

Nikamwambia. Nikamwambia gambuti, mpini, shika hapo hapo, yote. Uso wake ulibadilika, nikadhani atanituma nikamwite mtu. Badala yake akasema, "Usilitaje hilo popote. Yule ni babu yako."

"Lakini yeye zamu yake haijakatwa."

"Nimekuambia usilitaje."

Nampenda mama yangu, na nimekwishajifungua mara mbili, najua mwanamke wa wiki tatu ana nguvu kiasi gani. Lakini kwenye hilo alikosea, na nilijua anakosea wakati ule ule, nikiwa na alama ya mwiko kwenye paja.

Jumatatu jioni zamu za wiki hugawiwa pale ndiva. Wanaume wanakaa ukingoni, wanawake upande wa chini, watoto hawana upande. Nilikwenda na jembe langu dogo. Katibu akasoma mpangilio. Shamba la babu lilikuwa limepangwa Jumatano, siku ambayo ingekuwa yetu. Sisi tuko juu yake kwenye mfereji mmoja, tukikatwa sisi yeye anaanza mapema. Sijui kama alilipanga hivyo. Simtuhumu. Nasema tu lilivyokuwa.

Katibu alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama.

"Shikamooni."

Wachache wakaitikia marahaba, wengine wakacheka. Babu hakucheka. "Mjukuu, hapa ni pa watu wazima. Mama yako akiwa na neno atakuja."

"Mama ni mzazi, hatoki. Mimi sina neno, babu, nina swali."

"Uliza nyumbani."

"Nyumbani hawajui. Wewe ndiye unayejua." Nikaegemea jembe. "Jumamosi uliponituma nje nikashike antena, mwisho sikuuona. Tingatinga aliinuka au hakuinuka?"

Maji tu yanavuja kwenye kizibo. Babu aliweka fimbo chini.

"Mtoto huyu anasema nini?"

"Nasema nilimwambia majina yanaitwa, akasema shika hapo hapo."

"Mimi nilikuwa mfereji wa juu."

Na hapo mke wa mwalimu, ambaye hakuwa amekuja kwa ajili yangu, alikuwa amekuja kusikia zamu yake, akasema bila hata kusimama, "Mfereji wa juu siku hizi unapita kwenye zulia langu? Nimesugua tope lako mpaka leo asubuhi, shemeji."

Upande wa wanawake ukaanza kucheka kwanza. Halafu mwanamume mmoja ukingoni, jasho na tope la Jumamosi akilikumbuka bado, akasema, "Mzee, sisi tulikuwa tunachimba hapa tunajinyima. Sasa mjibu mtoto. Na sisi tunataka kujua." Mwingine akasema, "Aliinuka?" Mwingine, "Usimuulize, ataomba alipwe kiingilio cha kuni." Walicheka mpaka katibu akagonga beleshi kwenye jiwe.

Nilidhani nimeshinda. Nilidhani sasa katibu atasema zamu ya nyumba yetu imerudi. Katibu alikuwa kijana mkavu, hakuwa anampendelea mtu, akasema, "Sheria ni kwamba jembe lisipoinuka nyumba haikuwepo. Jembe la mtoto halikuinuka. La mzee halikuinuka pia, ila hatukumwita. Basi nyumba zote mbili zimekatwa."

Niliwaza maua ya maharage. Nikasema, "Mimi kipande nilichimba." Yule mama jirani akainuka, akasema ni kweli, alikikagua kwa mguu wake. Wakaanza kubishana. Mwishowe wakakubaliana hivi: kwenye banio la juu, pale mfereji unapochukua maji mtoni, kulikuwa na tope ambalo hakuna aliyetaka kulishika. Mimi na babu tulizoe wawili, Jumamosi, kuanzia saa nane hadi liishe. Likiisha, kila nyumba inarudishiwa zamu, na Jumatatu nyumba yetu inaanza. Mtu akauliza, "Na mieleka?" Katibu akasema, "Wataisikia kwa wengine, kama sisi."

Mama alipopata habari hakunichapa. Aliniuliza walikaa wangapi upande wa wanawake, nani alicheka kwanza, mke wa mwalimu alisemaje hasa, kwa maneno yake. Akanirudisha mara mbili.

Siku zile tano nilibeba maji kwa ndoo kutoka kisimani hadi shambani, asubuhi kabla ya shule na jioni, nikimwagia mashina ya mstari mmoja, kesho mstari mwingine. Haikutosha. Majani yalianza kulegea kwa chini.

Jumamosi babu alikuja na gambuti zake na beleshi. Nikamwamkia, akaitikia, basi. Tulizoa tope. Yeye anachota, mimi navuta kwa jembe. Ni tope zito lile, jeusi, lina mawe na mizizi ndani. Ilipokaribia saa kumi wote wawili tulitazama upande wa nyumba ya mwalimu, na tukaonana tunatazama.

"Una mdomo wewe," akasema.

"Ndiyo babu."

Akachota mara tatu nne. Kisha akasema, kama anaongea na beleshi, "Alilala. Mwamuzi akapiga sakafu moja. Akapiga mbili. Mimi nilishafumba macho."

"Halafu?"

"Chimba kwanza."

Nikachimba. Akaendelea. Alisema Tingatinga alitoa goti moja, hivi, na akapiga goti lake mwenyewe kwenye tope kunionyesha, mzee wa zaidi ya miaka sitini, kofia imeteleza. Alisema Shemeji alikwenda kuchukua kiti tena, na beleshi likawa kiti, akaliinua nyuma yangu kunionyesha kilitokea wapi. Alisema safari hii Tingatinga hata kugeuka hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma akakidaka kiti, akakiweka chini, akakaa juu yake akipumua, watu wote wamesimama. Ndipo akainuka akamfuata Shemeji taratibu, taratibu, mpaka Shemeji akakosa pa kwenda. Akamnyanyua kama gunia la mahindi akamlaza.

"Kweli alikaa kwenye kiti?" nikauliza.

"Nilikuwa mbele ya wote. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye nguzo, babu. Ulinituma."

Hakuniomba radhi, si siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki, na mimi sijawahi kumtengenezea radhi ambayo hakuitoa. Nimelitafuta pambano hilo kwenye simu miaka hii, sijalipata. Wale watoto wawili walioona walisema hakuna kiti alichokalia mtu. Huenda babu alilitunga lote pale kwenye tope. Kama alilitunga, alilitunga vizuri, na ndivyo nilivyomsimulia mama usiku ule, kuanzia walipoingia. Nilipofika kwenye kiti mkono wake ulisimama, kisha akasema, "Akakaa. Safi sana."

Jumatatu asubuhi nilikuwa shambani kabla katibu hajazibua ndiva. Shuleni ningechapwa kwa kuchelewa, nilishakubali. Unayasikia maji kabla hujayaona. Yanasukuma majani makavu mbele yake, yanachacharika. Nikafungua mlango wa shamba letu kwa jembe, nikaziba mfereji kwa udongo na gogo la mgomba, yakaingia. Nilikuwa nayaongoza mstari kwa mstari kwa miguu yangu mitupu, maji ni baridi mpaka mifupa inauma, na nyuma yangu udongo unageuka mweusi.

Zamu yetu ilikuwa hadi jua litakapofika juu ya mwamba wa upande wa pili. Baada yetu ni babu. Alikuja mapema, akasimama kwenye mpaka na beleshi begani, akatazama maharage yetu.

"Mjukuu, funga sasa. Yamekunywa hayo."

Nikatazama jua. Lilikuwa halijafika. Mistari miwili ya pembeni ilikuwa bado mikavu.

"Bado, babu. Zamu yangu haijaisha."

Akakaa ukingoni, akavua gambuti moja, akaanza kutoa mchanga ndani yake. Mimi nikaelekeza maji kwenye mstari wa kwanza wa pembeni, na ulipojaa nikayahamishia kwenye wa mwisho.